Skuta Isiyokula Mafuta

Nina miaka arobaini na moja, mama wa binti mmoja, na naishi Mandewa, hapa hapa Singida mjini. Wasomaji wenzangu, haya ninayoyaandika hayasomwi mtu akiwa anakula. Kama uko mezani, weka gazeti kando kwanza, utasoma ukishamaliza kula. Wala siwatanii.

Nilikuwa mama lishe. Banda langu lilikuwa karibu na stendi, na watu walikuwa wananifuata kwa kitu kimoja tu: supu ya kuku wa kienyeji. Ikifika mchana hupati pa kukaa! Madereva, wapiga debe, wauza vitunguu, watu wa maofisini na tai zao, wote benchi moja. Wakristo kwa Waislamu, hakuna aliyeuliza kitu.

Na walikuwa hawaulizi kwa sababu ya mume wangu. Mnajua ilivyo huku kwetu. Kuku wa biashara anachinjwa na Muislamu ili kila mtu ale kwa amani. Mume wangu, baba Shani, ndiye aliyekuwa mchinjaji. Alikuwa na kisu chake kikali, anamgeuza kuku kibla, anataja jina la Mungu, damu inachuruzika mpaka inakata. Hata mama lishe wa mabanda ya jirani walimletea kuku wao awachinjie.

Mimi nimelelewa kwamba mwanamke hashiki kisu cha kuchinja mwanaume akiwepo, wala hasimami pale kumchungulia. Kuku akiletwa amechinjwa, unapokea, unapika. Mke gani atamtazama mumewe usoni na kumwuliza kama kweli kamchinja? Hayo si ni matusi?

Basi mambo yalianzia kwenye usafiri. Kutoka Mandewa mpaka bandani, alfajiri na jioni, bodaboda zilikuwa zinanimaliza. Na kuku wa mjini walikuwa bei juu, wakati huko kijijini Sepuka mkulima anakuuzia kwa bei ya kuelewana. Tukakaa mimi na baba Shani tukasema tununue chombo chetu, kidogo tu, cha kumudu.

Mimi nilitaka baiskeli. Haina mafuta, haina bima, ikiharibika fundi yuko kila kona. Baba Shani akacheka. Akasema upepo wa Singida naujua mwenyewe, nitakanyaga mpaka nizeeke, na dera langu litaingia kwenye cheni watu wanione nilivyoumbwa. Halafu akasema neno lililonigusa, kwamba watu wakimwona mkewe juu ya baiskeli na sufuria mgongoni watasema ameshindwa kumtunza.

Kulikuwa na fundi mmoja jirani anauza kipikipiki kile chenye pedeli kama baiskeli, kikizimika unakanyaga. Kilikuwa rahisi kweli. Lakini spea zake hakuna aliyejua zinapatikana wapi, na kilikuwa kinatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Tukakiacha.

Ikabaki skuta. Jamani, niseme ukweli, niliipenda! Haina gia za kukuchanganya, unaweka miguu yako mbele umeibana kwa heshima, ndoo ya vitunguu inakaa pale miguuni, na chini ya siti kuna kishubaka cha kufunga kwa ufunguo. Tukanunua ya mkononi, nyekundu, iliyotunzwa vizuri. Utaratibu tukaupanga: alfajiri ananishusha bandani, yeye anapitiliza Sepuka kuchukua kuku, kabla ya adhuhuri karudi.

Na akaongeza jambo. Akasema atakuwa anawachinjia na kuwanyonyoa huko huko kijijini, ili kupunguza uchafu pale bandani. Mimi nikaona mume ananifikiria... Nikamshukuru!

Wacha niwaambie kilichonifanya niwe mjinga. Skuta ile haikuwa inakula mafuta! Baba Shani anaweka mafuta kidogo tu, ujazo wa chupa moja ya maji ya kunywa, anaenda Sepuka, anarudi, na kesho bado yamo. Sepuka si mlango wa pili, mnajua. Nilikuwa nafungua tangi nachungulia, nasikia yanacheza humo ndani, nasema hii skuta ina baraka zake.

Na mdomo wangu ulivyo, ningeficha? Nilitangaza kwa kila mteja. Mtu akija analalamika usafiri, hata kabla hajaagiza chai, ninamwanzishia habari ya skuta. Baiskeli mateso, kipikipiki magonjwa, nunua skuta!

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa Mwalimu Pili. Huyu ni jirani yangu Mandewa, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, mjane. Anafundisha shule ya msingi ya kijiji kimoja njia ya Mgori, na alikuwa anaenda kwa baiskeli. Kwenda anapigana na upepo, kurudi anapigana na jua. Akawa anawaza achukue kile kipikipiki cha fundi, au avumilie baiskeli mpaka astaafu. Nikamkatalia katakata. Nikamwambia anunue skuta kama yangu, toleo lile lile, na mafuta ataniambia mwenyewe. Akauza mbuzi wake, akanunua.

Kipindi hicho hicho binti yake alijifungua, mtoto wake wa kwanza. Mzazi huku kwetu anakunywa supu ya kuku, hilo halina mjadala. Mwalimu alikuwa kazini mchana kutwa, kwa hiyo nikajitolea. Kila alasiri nilikuwa nampelekea yule binti supu kwenye chupa ya chai, ya moto, na paja zima. Nilikuwa nakaa kitandani namsimamia amalize. Akisema ameshiba namwambia kunywa mwanangu, hii ndiyo inayoleta maziwa.

Kweli nyama ilikuwa na weusi weusi. Niliona. Baba Shani akasema kuku wa Sepuka ndivyo walivyo, wanakula wadudu porini, nyama yao si nyeupe kama ya hawa wa kizungu. Na harufu ya chini ya siti niliisikia pia, harufu nzito ambayo ukifungua inakupiga puani. Akasema ni mafuta ya petroli yakichanganyika na manyoya. Akawa anafukizia udi mle ndani. Nikawa naongeza tangawizi na binzari kwenye supu, wateja wakazidi kusifia.

Yule binti akaanza kuumwa tumbo. Likamwendesha siku nyingi, akapungua, maziwa yakakata. Tukasema ni maji ya kisima. Mimi nikasema aongezewe supu.

Siku moja Mwalimu Pili akaja bandani akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Skuta yake ilikuwa imezima njiani, mafuta yamekwisha, kaisukuma mpaka kachoka. Akanung'unika kwamba nilimdanganya, kwamba skuta hii inakula mafuta vizuri tu, na mshahara wake unaishia kwenye tangi. Nikakasirika! Nikamwambia hajui kuendesha. Ya kwangu inaenda Sepuka kila siku ya Mungu kwa chupa moja, na mafuta yanabaki.

Fundi mmoja wa pikipiki alikuwa anakunywa chai pale. Akasema kwa upole kabisa, "Mama Shani, hakuna skuta ya hivyo." Wateja wakacheka, mimi nikapandisha mori. Kwangu ilikuwa kama wamemtukana mume wangu.

Basi Jumapili, baba Shani alipokuwa amekwenda msibani kwa ndugu zake kwa basi, nikamwambia Mwalimu twende na skuta yangu Sepuka, aone kwa macho yake. Tukaweka mafuta kama anavyoweka yeye, ile ile chupa moja. Tukaondoka kwa mbwembwe.

Hata nusu ya njia hatujafika, skuta ikakohoa ikazima. Ikatulia kimya pale katikati ya mashamba ya alizeti, upepo unatupiga mchanga usoni. Wanaume waliobeba magunia ya mkaa kwenye baiskeli wakatupita, wakatupa pole huku wanacheka. Tukaanza kusukuma kurudi, mimi nimeshika usukani, yeye anasukuma nyuma.

Halafu Mwalimu akasema, "Mwenzangu, mumeo haendi Sepuka."

Nilijua hivyo kabla hajasema. Na sote wawili tukawaza kitu kimoja, mwanamke. Nililia njia nzima. Nilimwona huyo mwanamke kichwani, kijana, anapikiwa kuku wangu, anapakiwa kwenye skuta niliyoitolea jasho. Laiti angekuwa mwanamke! Leo ningekuwa nawasimulia wivu, mkanipa pole, yakaisha.

Mwalimu akanipa baiskeli yake ya zamani. Akasema nimfuate nayo, haina kelele. Baba Shani aliporudi msibani, asubuhi akanishusha bandani kama kawaida, akaniaga vizuri, nikampa hela ya kuku na ile kidogo ya mafuta. Alipokata kona tu, nikachukua baiskeli niliyokuwa nimeificha banda la jirani, nikakanyaga.

Hakwenda mbali. Wala hakutoka nje ya mji! Alikwenda kwenye uwanja mmoja wanakokusanyia kuku wa kusafirisha Dar es Salaam. Kuku wanatoka vijijini, wanashindiliwa kwenye matenga, tenga juu ya tenga, wanalala hivyo. Asubuhi vijana wanapangua matenga na kutoa waliokufa kwa kubanwa na joto. Wanawatupia pembeni ya ukuta, na mbwa wanajua saa ya kufika.

Mume wangu aliegesha skuta pale kwenye mizoga. Vijana wakamsalimia kama mteja wao wa siku zote. Mmoja akamwambia leo wapo wengi, joto lilikuwa kali.

Nilisimama nyuma ya lori, nimeshika baiskeli. Nikamwona anachuchumaa, anawachambua. Anawabonyeza vifua, mmoja mmoja, vile mimi ninavyobonyeza nyanya sokoni. Mbwa mmoja alikuwa amemng'ang'ania kuku kwa bawa, akampiga teke, akamnyang'anya. Kuna mwingine tumbo lilishaanza kugeuka kijani. Akamnusa... akamrudisha. Akafikiri kidogo, akamchukua tena! Uuuwi! Mnanielewa lakini? Akamchukua tena!

Halafu akatoa kisu, kile kile, akaanza kuwakata shingo. Kuku wamekauka, hakuna damu ya maana inayotoka, yeye anakata tu ili shingo ionekane imepitiwa na kisu. Midomo yake sikuiona ikitaja kitu. Nashukuru. Angetaja jina la Mungu juu ya mizoga ile nadhani ningempiga na baiskeli.

Nilitapika pale pale kwenye tairi la lori.

Aliwachovya kwenye maji ya moto ya vijana wale, akawanyonyoa, akawapanga kwenye mfuko, wengine chini ya siti. Ufunguo, kwisha. Akaenda kukaa kwenye kibanda cha vijana wanaobeti mpira, anahangaika na mikeka kwenye simu. Huko ndiko hela ya kuku na ya mafuta ilikokuwa inaishia. Jua lilipopanda akainuka, akaenda pembeni ya barabara, akachota vumbi kwa mikono. Akainyunyizia skuta. Akajipaka kwenye viatu, kwenye suruali, na jingine kidogo kichwani.

Hilo vumbi! Mimi nilikuwa nampashia maji ya kuoga kwa ajili ya hilo vumbi. Nilikuwa namkuna mgongo nikimwambia pole mume wangu kwa safari.

Nilimtangulia kufika bandani. Alipokuja akashusha mfuko, akalalamika upepo wa Sepuka. Nikamwuliza amewachinjia wapi. Akasema kwa mzee anayemuuziaga. Nikamwambia nimemwona ukutani, pamoja na mbwa.

Nilitegemea aanguke miguuni kwangu. Alitazama kwanza kama kuna mteja anasikia.

"Punguza sauti, mama Shani," akasema. "Kuku amekufa usiku, mimi nimemkata asubuhi. Kwenye sufuria tofauti iko wapi?"

Nikamwambia nimemlisha mzazi.

"Amekufa?" akaniuliza.

Hivyo tu, wasomaji wenzangu. Alikuwa anauliza kweli, ametulia kabisa. Akaendelea kunieleza kwamba hakuna aliyelalamika, kwamba kila siku wanarudi kuongeza bakuli, kwamba nikinyamaza yeye ataacha polepole na hakuna atakayejua. Polepole! Nilitazama ile mikono niliyoipa mkono wangu mbele ya wazee, nikaona kinyaa ambacho sijawahi kukiona hata kwa chura wa chooni.

Nikamwaga sufuria zote nyuma ya banda. Mfuko nikaumwagia mafuta ya taa nikauchoma.

Kunyamaza kulinijia akilini, siwafichi. Banda lile ndilo lililokuwa linamsomesha Shani. Ningeweza kutafuta mchinjaji mwingine, nikanunua kuku wa halali, nikaendelea na maisha. Nani angejua? Lakini jioni ile Mwalimu Pili alikuja kuniuliza nimeona nini huko, na mkononi ameshika ile chupa ya chai, kaiosha, kaniletea niijaze kwa ajili ya binti yake.

Nilimwambia nikiwa nimepiga magoti. Yote. Kuku, mbwa, yule wa kijani. Hakunitukana. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za kazi. Akaniuliza kama ndiyo supu ile niliyokuwa namlazimisha mwanawe amalize. Nikamwambia ndiyo. Akainuka akaondoka, chupa akaiacha pale pale chini. Binti alipelekwa hospitali akapewa dawa, akapona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo mama yake akinikuta njiani ananiitikia salamu kama anavyomwitikia mtu asiyemjua.

Kesho yake sikuwasha moto. Wateja walipokuja nikawaambia wakae. Nikasimama mbele yao nikasema supu niliyokuwa nawauzia ilikuwa ya vibudu, nami sikujua, na sasa nimejua. Dereva mmoja alikimbilia nyuma ya banda kutapika. Mwingine alipiga teke meza, vikombe vikavunjika. Sikumlaumu.

Mzee Salimu, mlinzi wa ghala la mahindi, alibaki amekaa. Huyu alikuwa anakula kwangu kila siku. Mwezi mtukufu alikuwa anafuturu kwa supu yangu, na nilikuwa namtengea finyango ya shingo kwa sababu hana meno. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea. Hakuitikia.

"Tangu lini, binti yangu?" akaniuliza.

Mpaka leo sijui. Baba Shani hakuwahi kusema alianza lini. Labda siku ya kwanza ya skuta. Labda alikwenda Sepuka kweli mara chache, akachoka. Kwa hiyo yule mzee hajui ni futari zipi zilikuwa halali na zipi alifungulia mzoga. Alifunga kwa njaa yake na uzee wake, halafu mimi nikamharibia, na hajui hata ni siku ngapi. Alifuta machozi kwa kofia yake, akaondoka zake taratibu.

Banda lilifungwa. Baba Shani alitorokea kwa ndugu zake Iramba, kwa sababu vijana wa stendi walikuwa wanamtafuta. Akanitumia ujumbe. Msamaha? Wapi! Alikuwa anauliza skuta iko wapi, akidai na yeye ana haki nayo. Niliiuza kwa fundi aifungue spea, kwa sababu nilimweleza kilichobebwa mle ndani na hakutaka mtu aipande. Sasa nauza mkaa na kuni. Kitu kisicholiwa.

Juzi kulikuwa na harusi hapa mtaani. Nikajifunga kanga nikaenda kusaidia jikoni kama wanawake wote. Nilipokaribia vitunguu, mama mmoja akanipokea kisu kwa adabu sana, akasema nisijichoshe. Nikasogea kwenye mchele, mwingine akasema huo umeshachambuliwa. Mwisho wakanionyesha vyombo vichafu. Hakuna aliyenisema vibaya. Nikakaa na beseni langu nikaosha masahani mpaka jioni, na kila sahani niliyoosha nikamwona msichana mmoja anaisuuza tena.

Dada zangu, na kaka zangu mnaosoma haya. Mkitaka chombo cha kwendea kazini, nunueni mnachokiweza. Baiskeli, kipikipiki, skuta, ni uamuzi wenu, msimsikilize mtu mwenye mdomo kama wangu. Lakini mkishanunua, ukipewa hesabu ya safari isiyoingia akilini, usishangilie. Panda mwenyewe hiyo safari, hata mara moja, hata kwa miguu. Na mume akikuletea kitu cha kuwalisha watu, simama pale uone kisu kinapopita, hata akikasirika, hata akisema umemtukana. Mwache atukanike!

Mimi niliona aibu kumwuliza mume wangu swali moja. Kwa hiyo niliwalisha mizoga watu walioniamini, kwa mkono wangu huu wa kulia, nikiwauliza kama chumvi imekolea.